Kichomi cha Mwanamichezo: Maumivu ya Mgongo wa Juu na Mbavu katika Vipindi vya Michezo

Katika lugha yetu neno kichomi limetwishwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Mtoto aliyekimbia mara tu baada ya kula, akashikwa na maumivu ubavuni, husemwa kuwa ana kichomi. Mtoto mwenye homa ya mapafu, anayepumua kwa shida, naye husemwa ana kichomi. Na mtoto aliyerusha mpira kwa nguvu, akahisi kitu kikivutika nyuma ya bega, ambaye sasa akikohoa anaumia na akicheka anaumia, hupewa jina hilo hilo. Kwa mazungumzo ya barazani jambo hili halina madhara makubwa. Kwa mwalimu wa michezo madhara yapo, kwa kuwa mtoto wa kwanza anahitaji kusimama dakika chache tu, wa pili anahitaji daktari siku hiyo hiyo, na wa tatu anahitaji uangalizi wa majuma kadhaa. Makala hii inamhusu zaidi huyo wa tatu. Maoni yetu ni kwamba yeye ndiye majeruhi anayetendewa vibaya kuliko wote katika shule za msingi, na kwamba kumtunza ni sehemu ya kazi ya kufundisha, wala si kazi ya zahanati peke yake.

Sababu ya kutendewa vibaya ni kwamba jeraha lake halionekani. Kifundo cha mguu kikiteguka huvimba, na mtoto huchechemea hata asiyependa kumhurumia akamhurumia. Msuli wa mgongo wa juu ukichanika nyuzi chache, mtoto hutembea sawasawa, huandika, hula, na rangi ya ngozi haibadiliki. Alalamikapo, aghalabu huambiwa kuwa anakwepa mazoezi.

Yafaa mwanachuo akumbuke umbo la kifua. Mbavu zipo jozi 12, nazo zimeshikamana nyuma na pingili 12 za uti wa mgongo. Katikati ya ubavu na ubavu ipo misuli myembamba inayopanua na kufinya kifua tunapovuta na kutoa pumzi. Juu ya mbavu imelala misuli mingine mipana, inayolishika kombe la bega, yaani ule mfupa bapa ulio nyuma ya bega, na kuliongoza kila mkono unapoinuka. Kwa hiyo msuli wa sehemu hii una kazi mbili kwa wakati mmoja, ya mkono na ya pumzi. Mtoto anayepumua mara 20 kwa dakika huzitikisa mbavu zake zaidi ya mara 28,000 kwa siku moja. Mguu ulioumia twaweza kuulaza kitandani. Mbavu hatuwezi kuzilaza. Ndiyo maana jeraha hili huchukua muda, na ndiyo maana mtoto aliyeonekana mzima asubuhi huweza kulalamika tena jioni bila kudanganya.

Sasa natuitazame Tandale, ambako wengi wa wanachuo wetu wangeweza kupangwa. Kata hii ya Kinondoni ina nyumba zilizosongamana na vichochoro vyembamba, na kiwanja cha shule huwa ni miongoni mwa nafasi chache za wazi zilizobaki. Hapo hapo hufanyika gwaride la asubuhi, hapo hapo hucheza madarasa yote, na jioni vijana wa mtaani huwa wanangoja zamu yao. Katika nafasi kama hiyo mrushaji hajifunzi kurusha ipasavyo. Nguvu ya mrusho huanzia miguuni, ikapanda kiunoni, ikapita katika kiwiliwili kinachozunguka, ndipo ifike begani na mkononi. Asiyepata nafasi ya kupiga hatua zake hurusha kwa mkono na mgongo wa juu peke yake. Mara kumi si neno. Mara hamsini, siku tano mfululizo, ni jambo jingine.

Na hizo siku tano mfululizo zipo. Twazifahamu sote. Mashindano ya UMITASHUMTA yakikaribia, shule ambayo haikuwa na kipindi cha michezo tangu Januari huamka ghafula. Wachezaji wa netiboli, mpira wa mikono, mpira wa wavu na riadha huitwa kila jioni, na Jumamosi pia, kwa muda wa majuma mawili au matatu. Huo ndio mtindo wa zimamoto. Msuli hukua kwa kuongezewa kazi kidogo kidogo na kupewa siku za kupumzika katikati. Ukiongezewa yote kwa pamoja huchanika. Hatuoni haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Ila zimamoto halifanyi kazi peke yake. Kabla ya mtoto kufika kiwanjani amekwisha kufanya mazoezi mengine ambayo hakuna mwalimu aliyeyaandika. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mtoto wa miaka 12 mwenye kilo 36 anayejitwika ndoo hiyo ameinua zaidi ya nusu ya uzito wake, tena kwa kuinama, kujipinda na kuinua mikono juu ya kichwa, mwendo ule ule unaoumiza misuli tunayoizungumzia. Ongeza ufagio mfupi wa asubuhi, ongeza mkoba wa madaftari ulioning'inia bega moja, ongeza dawati linalokaliwa na watoto wanne ambao lazima wakae upande ili waone ubao. Mwalimu anayemwuliza mtoto, "Umerushaje?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni, "Leo umebeba nini?"

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tulimwona msichana wa darasa la sita, mchezaji wa netiboli, katika shule moja ambayo si lazima kuitaja. Alishika ubavu wa kulia kila alipoupokea mpira wa juu. Mwalimu wake alimwambia kuwa ni kichomi, kwamba kitatoka kwa kukimbia, akamzungusha kiwanja mara nne. Aliporudi akiwa amejikunja, alisimuliwa habari za John Stephen Akhwari.

Habari hizo ni za kweli, na ni fahari yetu. Katika mbio ndefu za Olimpiki za Mexico, Oktoba 1968, mwanariadha huyo wa Tanzania alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea mpaka akaingia uwanjani wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Walioanza mbio hizo walikuwa 75. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, mwanariadha aliyezoea mbio ndefu, na uamuzi wa kuendelea ulikuwa wake. Mtoto wa miaka 12 hajiamulii. Anaamuliwa na mwenye filimbi. Kutumia ushujaa wa mtu mzima kumnyamazisha mtoto anayeumia si kufundisha uvumilivu. Twaomba wanachuo waisimulie habari ya Akhwari darasani, katika somo lake, na waiache hapo kiwanjani kunapotokea jeraha.

Je, mwalimu asiye tabibu atatofautishaje vichomi hivi? Si kwa vyombo, bali kwa maswali, mkono na macho. Amkalishe mtoto kivulini, amwambie aonyeshe mahali panapouma kwa kidole kimoja. Mwenye msuli uliovutika aghalabu huweza kupaonyesha: kando ya kombe la bega, au katikati ya mbavu mbili. Pakibonyezwa taratibu panauma. Maumivu huzidi akivuta pumzi ndefu, akikohoa, akipiga chafya, akijipinda upande au akiinua mkono, na hupungua akitulia. Tena mara nyingi anakumbuka yalipoanza: katika mrusho fulani, au jioni baada ya mazoezi makali. Kichomi cha kukimbia, kwa upande wake, hukoma dakika chache baada ya kusimama, na kesho yake hakuna mahali panapouma kwa kubonyezwa. Kichomi cha mapafu huja na homa, kikohozi na pumzi za haraka. Mwalimu mwenye saa na ahesabu: mtoto wa miaka 11 au 12 aliyetulia hupumua mara 18 hadi 25 hivi kwa dakika. Akizidi 30 hali amekaa, jambo hilo limekwisha toka mikononi mwa mwalimu.

Hapa hatuna budi kukawia kidogo, maana katika nchi yetu upo ugonjwa unaovaa sura ya jeraha la michezo. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa Tanzania kila mwaka wakiwa na selimundu. Mtoto wa namna hiyo akichoka sana, akikosa maji au akipigwa na baridi huweza kushikwa na maumivu makali ya mgongo, mbavu au kifua. Maumivu ya kifua kwa mwenye selimundu, hasa yakiambatana na homa au kuhema, ni hatari kwa uhai wake, na nafasi yake ni hospitalini saa hiyo hiyo. Yampasa mwalimu wa michezo ajue kabla ya msimu kuanza ni watoto gani wana selimundu, pumu au ugonjwa wa moyo. Huulizi siku ya jeraha. Siku hiyo mama yuko sokoni na simu haipatikani. Aidha, wapo watoto ambao wazazi wao hawajui, kwa hiyo kutokuwamo katika orodha si hakika.

Zipo dalili nyingine ambazo hazingojei kesho. Maumivu yaliyofuata kuanguka au kugongwa, kukohoa damu, kuzirai katika mazoezi, ganzi au udhaifu wa miguu. Maumivu ya mgongo yanayodumu kwa majuma bila sababu, yanayomwamsha mtoto usiku, huku anakonda au ana homa za jioni, yachunguzwe, kwa kuwa kifua kikuu hupata pia uti wa mgongo. Na kama mahali panapouma ni juu ya mfupa wa ubavu wenyewe, tena panazidi kuuma kila juma la mazoezi, huenda mfupa umepata ufa.

Kuhusu aliyeanguka vibaya na kuumia shingo au mgongo, tuna neno la Tandale hasa. Gari haliingii katika vichochoro vingi, basi rafiki wa kwanza huwa ni bodaboda. Mtoto hukalishwa katikati, mbele dereva, nyuma mwalimu, na safari ya kwenda Hospitali ya Mwananyamala huanza kwa kurukaruka. Kwa msuli uliovutika hiyo ni adha tu. Kwa pingili iliyovunjika ni balaa. Mtoto huyo na alazwe alipo, asikalishwe wala asigeuzwe ovyo, kichwa kishikwe kisicheze, na watu watafute ubao mpana na gari, hata kama gari litangoja barabarani. Majeraha ya namna hiyo mwishowe hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Ni bora yafike huko kama yalivyotokea, bila kuongezwa njiani.

Turudi kwa majeruhi wetu wa kawaida, ambaye dalili hizo hana. Kwa miaka mingi tumefundisha barafu na mapumziko kana kwamba ni amri. Daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliyeieneza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliandika mwenyewe mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili huweza kuchelewesha kupona. Baridi hutuliza maumivu, na si zaidi ya hapo. Twaweza kuitumia siku ya kwanza na ya pili, ikiwa imefungwa katika kitambaa, dakika 10 hadi 15 kwa mara moja. Lakini kwa mtoto mwenye selimundu isitumiwe kabisa, maana baridi huweza kuyaamsha maumivu yake. Shule isiyo na barafu haijapungukiwa na dawa.

Kinachohitajika zaidi siku hizo mbili ni kuacha kile kinachoumiza: kurusha, kuning'inia, kubeba. Kutembea, kukaa wima na kuandika kunaruhusiwa. Kifua kisifungwe kanga kwa kukazwa. Twaelewa kwa nini watu hufanya hivyo, kwani hupunguza maumivu. Lakini kifua kilichobanwa hakijazi hewa, na pafu lisilojaa hewa hukaribisha homa ya mapafu. Afadhali mtoto afundishwe kuvuta pumzi ndefu taratibu, mara tano au sita kila saa, na akitaka kukohoa akumbatie mto au kanga iliyokunjwa. Dawa ya maumivu aachiwe mhudumu wa afya na mzazi. Asprini isitolewe kwa mtoto.

Baada ya hapo, kukaa tu ni kosa jingine. Tangu siku ya tatu hivi, maumivu yakianza kupungua, mtoto ayazungushe mabega, ayarudishe makombe ya mabega nyuma kama anayetaka kuyakutanisha, atambaze vidole ukutani mpaka mkono ufike juu, ajipinde polepole akiwa amekaa. Kisha asukume ukuta kwa mikono miwili. Kisha apokee na kupasia mpira mwepesi kutoka kifuani, akiwa karibu na mwenzake. Mrusho wa juu ya bega huja mwisho, kwa nusu ya nguvu kwanza. Kipimo ni asubuhi inayofuata: kama maumivu madogo ya mazoezini yamekwisha, aendelee, kama yamebaki au yamezidi, arudi hatua moja nyuma. Nyuzi chache zikichanika, kazi hii huchukua majuma mawili au matatu. Zikichanika nyingi, mwezi mmoja hadi miwili. Msuli uliokatika kabisa, jambo ambalo ni nadra kwa watoto, ni wa daktari. Tarehe ya mashindano haimo katika hesabu hii, na mwalimu mkuu aambiwe hivyo kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka.

Mtoto anayevuta pumzi yote bila maumivu, anayekohoa bila kujishika, ambaye mikono yake miwili inapanda sawa na anayerusha kwa nguvu zake zote mazoezini bila kubadili mtindo, huyo amerudi. Aliye na matatu kati ya hayo bado.

Katika majuma hayo majeruhi asifukuzwe kiwanjani wala asiachwe chini ya mwembe kama mzigo. Hapa ndipo ufundi wa ualimu unapoonekana. Apewe futi kamba apime mirusho ya wenzake, aandike, na kesho yake katika Hisabati darasa litafute wastani kutokana na takwimu zake. Ahesabu mirusho ya kila mchezaji. Hivyo mwalimu atapata daftari ambalo shule nyingi hazina, lenye kuonyesha nani amerusha mara 15 na nani mara 60. Sisi twapendekeza mrushaji mchanga aanze na mirusho 15 ya nguvu kwa kipindi, vipindi viwili kwa juma, aongezewe mitano kila juma, na kazi hiyo ianze Januari. Katika Sayansi, mwalimu atumie uzi na rula: wanafunzi wapimane mzunguko wa kifua pumzi ikiwa imetoka na ikiwa imejaa, waone tofauti. Mwenye ubavu unaouma apime pia, taratibu, kila juma. Atauona mwenyewe uzi ukirefuka, na darasa zima litakuwa limejifunza kazi ya mbavu bila mchoro wa ubaoni.

Limebaki suala la mchuaji. Mtoto akifika nyumbani, mara nyingi bibi au mama ataona kuwa mshipa umekaa vibaya, atachemsha maji ya chumvi, au atampeleka kwa mzee anayechua kwa mafuta hadi mtoto apige kelele. Wapo wanachuo wanaorudi kutoka mazoezini wakiwacheka wazazi hawa. Hatukubaliani nao. Mzazi huyo amemwamini mtoto alipokuwa anaumia, jambo ambalo shule haikulifanya. Mwalimu na aende nyumbani, au amwite mzazi, aanze kwa shikamoo, aeleze kilichotokea kiwanjani bila kuficha, kisha aseme, "Mama, siku hizi mbili tatu za kwanza tusimchue wala tusimkande kwa moto, nyuzi zimechanika na zinavuja damu ndani, zikitulia, mpake mafuta umkande kwa mkono mwepesi, hapo hakuna ubaya. Na ndoo ya maji, kama yupo mwingine wa kuibeba, tunaomba abebe yeye kwa majuma haya matatu." Mama atauliza ni nani huyo mwingine, na mara nyingi swali lake ni la haki. Basi wajadiliane: madumu ya lita tano mawili, moja kila mkono, safari mbili badala ya moja, kaka yake Jumamosi.